Sanda Iliyopelea

Kilio kilitoka nyuma ya mikorosho, kabla hatujaona mtu.

"Uwiii! Uwi, uwi, uwiii! Mwanangu we! Umeniacha na nani mie!"

Mama alikuwa barazani anachekecha unga. Mimi nilikuwa nasugua sufuria kwa majivu. Chekeche la mama lilisimama hewani. Kwetu Nachingwea kilio ni habari: kwanza unasikiliza kinatoka upande gani, halafu unajitanda kanga ya pili na kukifuata. Lakini kilio hiki hakikusubiri kufuatwa. Kilipita kwa jirani bila kusimama, kikakata kona penye banda la kuku, kikaingia uani kwetu na jembe begani.

Alikuwa mtani. Amejifunga kaniki kifuani, amejipaka majivu usoni mpaka mistari ya nembo iliyochanjwa mashavuni mwake ikafifia, na mkononi ameshika bua refu la mtama. Hakumsalimia mama. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mkeka alipokaa mdogo wangu wa kike akichambua mchele, akamlazia lile bua ubavuni kama fundi anayepima ubao.

"Nyoosha miguu nikupime vizuri, mtani. Udongo wa hapa mgumu, sina nguvu ya kuchimba mara mbili."

Hakuna aliyekuwa amekufa. Mdogo wangu alikuwa hai, mchele mkononi, macho yamemtoka.

Sisi ni Wamwera. Yeye alikuwa Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma na mizigo kichwani, na kati yetu na wao kuna utani wa tangu mababu. Mtani husema lisilosemeka na hakuna wa kununa. Kwenye msiba, wakati wenye kufiwa wamejiinamia, yeye huvaa nguo za marehemu na kumwigiza alivyokuwa akitembea, mpaka mjane acheke huku machozi yanamtoka. Huyu wetu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alikuwa Mkristo, tena mpika uraka, ile pombe ya mabibo, na baba yangu, aliyekuwa fundi cherehani na mtu wa swala tano, alimwita "imamu wa uraka" mchana kweupe. Yeye alimjibu kwa kumwita "mlevi wangu aliyepotea njia."

Ila kulilia mtu aliye hai, hilo hata yeye alikuwa hajalifanya.

*

Mdogo wangu alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya tisini na moyo usiokamilika. Alikuwa akikimbia kidogo tu anachuchumaa, magoti kifuani, na midomo yake inageuka kama mtoto aliyekula zambarau. Sisi watoto hatukujua ni ugonjwa. Tulidhani ni mtindo wake, tukauheshimu. Mtaani kwetu mchezo wa kukimbizana ulikuwa na sheria ambayo sijaikuta kwingine kokote: aliyechuchumaa hashikwi.

Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, sikio langu mgongoni kwake. Ndani yake kulikuwa na mtu anayepeta ufuta. Shaaa, shaaa, shaaa, kama ungo wa bibi kule Malolo, Ruangwa, wakati wa mavuno. Nilidhani watu wote wana ungo ndani. Nilipojisikiliza mwenyewe nikakuta tup, tup, tup tu, nilisikitika, nikaona mimi ndiye niliyepunjwa.

Alipokuwa bado mdogo sana, wafadhili walimpeleka Ulaya akapasuliwa. Walishona tundu lililokuwa kati ya vyumba vya moyo, na kwenye njia ya damu iendayo mapafuni wakaweka bomba lenye mlango mdogo ndani yake. Alirudi na kovu refu kifuani, mashavu ya mtoto wa waziri, na maneno ya Kizungu ya kuombea juisi. Mjomba alimpokea kituo cha basi, akamweka mabegani na kumzungusha mji mzima kama kikombe cha ushindi. Ungo ulikuwa umepungua sauti. Nililala vibaya siku kadhaa kwa kuukosa.

Daktari alikuwa ameonya: mtoto hukua, bomba halikui. Miaka ikapita, na mtoto akakua kweli. Wakati simu za mkononi zilipoanza kulia hata sokoni, mdogo wangu alikuwa mrefu kuliko mimi, na alikuwa ameanza tena kuchuchumaa. Hakukimbia siku hizo. Alichuchumaa akirudi dukani na kibiriti. Niliweka sikio mgongoni kwake na kukuta ungo haupo. Sasa alikuwemo mtu anayefagia uwanja, fagio moja kwenda, fagio moja kurudi, na takataka zinabaki palepale.

Baba alimpeleka Dar es Salaam. Aliporudi alitukusanya na kutueleza akiwa amesimama kwenye mlango wa mbele wa nyumba yetu, maana mlango huo ulikuwa umelegea bawaba na haufungi mpaka uunyanyue kwa bega.

"Mnauona huu? Basi ndio moyo wa mwenzenu. Mlango wa lile bomba umekakamaa. Haufunguki wote, na ukishafunguka haufungi. Damu inatoka, inarudi."

Wakati anasema, kuku wawili aliokuwa amewafukuza sekunde hiyo walirudi ndani wakipita katikati ya miguu yake. Sijawahi kuona somo lililoeleweka haraka namna ile.

Habari njema ni kwamba safari hii wasingepasua kifua. Hospitali ileile ya Ulaya ilikuwa imeanza njia mpya. Wangepitisha waya laini kwenye mshipa wa paja, ukwee hadi moyoni. Kwenye ncha ya waya kungekuwa na puto dogo, na juu ya puto mlango mpya umekunjwa kama mwavuli. Wakifika mahali pa ule wa zamani, puto linajazwa, mlango unafunguka na kujibana palepale, puto linanywea, waya unatoka. Na huo mlango mpya, baba alisema akishusha sauti, umetengenezwa kwa mshipa wa shingo ya ng'ombe.

Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Siendi."

Hakueleza. Wala hatukumlazimisha, na hapo ndipo tulipokosea njia. Tulianza kumhurumia. Mama aliacha kumgombeza. Mimi nilimpa shuka zuri. Na Ijumaa moja kuku alipochinjwa, baba alichukua firigisi, ambayo katika nyumba yetu haijapata kuingia kinywa cha mtu mwingine, akaiweka kwenye sahani ya mdogo wangu. Aliitazama kwa muda mrefu. Aliila, lakini aliila kama mtu anayesoma barua.

Huku kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. "Mimi nimemlea tu," baba alisema, "mwenye mtoto yuko Ruangwa." Kijijini kwa bibi simu ilishika juu ya kichuguu kimoja tu, tena kwa kubahatisha. Kwa hiyo asubuhi ile ya kilio baba alikuwa ametoka mapema kumtafuta utingo wa lori linalokwenda kupakia huko, akamwambia: "Mwambie shemeji aje upesi, ni habari ya mtoto." Hakuongeza neno. Utingo akaitikia, na lori likaanza safari kwa kupita barabara ya kwetu.

*

"Mtani, mimi sijafa," mdogo wangu alisema, akilisukuma bua.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kupima mapema. Ukishakufa utajifanya mfupi."

"Mama, mwambie aondoke!"

Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, na mabega yanatikisika, wala sikujua kama ni kilio au kicheko.

"Nimesikia umekataa mlango wa ng'ombe," mtani aliendelea, akijipangusa machozi ya uongo. "Umefanya vizuri. Nani anataka jirani anayecheua? Kesho tungesikia umemaliza makuti ya paa langu."

Mdogo wangu alimrushia konzi ya mchele usoni.

"Ona! Ameanza kurusha pumba!"

"Nenda kwenye uraka wako!" Sauti ya mdogo wangu ilikatika katikati. Alivuta pumzi, akavuta nyingine. "Wewe... wewe ndiye wa kwanza kutaja kufa humu ndani."

Mtani aliweka jembe chini. Akakaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, majivu yanamdondokea kwenye mchele wetu.

"Enhe. Na hawa wengine wanatajaje?"

"Hawataji. Wananipa firigisi."

"Firigisi?" Mtani aligeuka kumtazama mama. "Ile ya baba yako?"

"Ile ile."

"Yesu wangu. Basi hali ni mbaya kweli."

Hapo mama alishindwa kabisa, akacheka kwa sauti hadi kuku wakatawanyika. Mdogo wangu hakucheka.

"Wameshanizika, mtani. Sasa huko niende kufanya nini? Wanataka tu nikafie mbali wasione."

"Basi usiende," mtani alisema, akiinuka na kujitwika jembe. "Mimi udongo naujua, na jembe ninalo."

Akatoka kama alivyoingia, kilio juu, majivu usoni, bua la kipimo mkononi. Na wakati huohuo lori la Ruangwa lilikuwa linapita taratibu mbele ya nyumba. Nilimwona utingo juu ya turubai akimtazama mtani, akaitazama nyumba yetu, halafu akavua kofia yake na kuiweka kifuani. Niliona heshima ile, nikaona ni adabu nzuri tu ya vijana wa magari.

*

Watu wa Ruangwa walifika kesho yake alasiri. Lori lilisimama, na kabla injini haijazimwa vilio vilianza kumwagika kutoka nyuma, na safari hii havikuwa vya utani. Wanawake wamejitanda, wanaume kofia mkononi. Magunia ya mchele na unga. Mbaazi. Kuku wamefungwa miguu. Mbuzi mwenye uso wa kutokubaliana na mambo yote haya. Maalimu wa kijijini na kitabu chake kwapani. Mjomba, kimya, na furushi jeupe.

Baba alikuwa kwenye cherehani yake mjini, mama kisimani, mimi nilikuwa ndani. Aliyekuwepo uani ni mdogo wangu. Naye alifanya alichofundishwa tangu utoto kufanya wageni wanapofika: alikwenda kuwapokea mizigo.

Bibi alikuwa anateremshwa na watu wawili, macho yamevimba, sauti imekauka kwa kulia njia nzima. Mdogo wangu akapiga goti mbele yake, akachukua kikapu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi alijibu, kwa kuwa shikamoo haiachwi ikianguka chini. "Hamjambo hapa?" Na akaendelea kulia. Alilia hatua nyingine kadhaa huku mdogo wangu akimshika mkono asijikwae, kisha akasimama. Akautazama ule mkono uliomshika. Akapanda na macho hadi usoni.

Mbuzi peke yake ndiye aliyesema neno.

Utingo aliingia chini ya gari, akaanza kukagua matairi.

"Nimelia tangu Malolo," bibi alisema hatimaye, kwa mabaki ya sauti yake. "Tangu Malolo! Sauti yangu nani atanirudishia?" Akamkamata mdogo wangu mabega, akamtikisa, akamkumbatia, akamtikisa tena, kama mtu asiyejua aanze na lipi.

Mtani alitokea mbio, amesikia vilio akadhani kazi yake imevamiwa. Alipoelewa kilichotokea alikaa chini barabarani, akapiga mapaja yake kwa viganja. "Jamani Wamwera! Mimi nimefanya utani, ninyi mmepanda gari!" Kisha akainuka, akachagua jogoo mkubwa kuliko wote na kumtia kwapani. Ilikuwa haki yake: msibani mtani hujichukulia atakacho. Msiba ulikuwa umefika, hata kama maiti alikuwa anagawa maji ya kunywa.

Baba alipoitwa, mama naye aliporudi, baada ya kueleza na kuelezwa, mdogo wangu aligeukia lile furushi.

"Mjomba, hiyo ni yangu?"

"Iweke mbali hiyo!" bibi alifoka. "Haichezewi!"

Lakini alikuwa ameshaifungua. Kitambaa cheupe, kipya, kina harufu ya duka. Akajisimamisha mbele yetu sote akakishikilia kidevuni, na kitambaa kikateremka, kikateremka, kikaishia chini kidogo ya magoti. Baba alikitazama kwa jicho la fundi tu, hakuhitaji futi.

"Kimempelea."

"Mjomba," mdogo wangu alisema, "hii miguu yangu ungeiweka wapi?"

Mjomba alinyoosha mkono wake hewani, kiganja chini, kwenye kimo cha mtoto mdogo sana. "Nilikukadiria hivi," alisema. "Ulivyokuwa siku ile nilipokubeba. Sikujua... Sikukufikiria mrefu hivi." Na mkono ule ukabaki palepale, juu ya kichwa cha mtoto asiyekuwepo, mpaka mke wake akaushusha.

"Ndivyo daktari alivyosema kuhusu lile bomba," baba alisema polepole. "Wamempima mtoto. Mtoto hayupo."

Mjomba alikohoa. "Mimi niliitwa niseme neno. Lakini sasa namwona mwenye neno amesimama. Aseme mwenyewe."

Mdogo wangu alikunja kile kitambaa taratibu, ncha kwa ncha, kama alivyofundishwa kwenye cherehani ya baba. Kabla hajajibu, bibi akaingilia.

"Huyo ng'ombe. Amechinjwa na nani?"

Watu wote walimgeukia maalimu, ambaye alikuwa amekuja tayari kwa kazi nyingine kabisa. Alikuna kidevu.

"Ni kwa kuokoa roho, bibi. Hilo halina ubishi. Na ninyi ng'ombe mnamla kila Idi, mnamweka tumboni. Huyu atamweka kifuani. Tofauti ni chumba tu."

"Dume au jike?" bibi aliuliza, hajaridhika.

"Jike, bibi," mdogo wangu alisema. "Dume gani anakumbuka kufunga mlango?"

Wanawake walicheka kwanza, halafu wanaume, halafu utingo chini ya lori. Na hapo, katikati ya kicheko, mdogo wangu alichuchumaa. Magoti kifuani, midomo rangi ya zambarau. Kicheko kikazimika. Wote tuliona, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyejifanya hakuona. Bibi alichuchumaa kando yake na magoti yake yakalia kama kuni. Kisha mama. Kisha mimi. Tukakaa hivyo uani, wazima na mgonjwa, tukisubiri pumzi yake irudi.

Ubwabwa wa matanga uliliwa jioni ile, kwani wali wa msiba ukishafika haurudi. Kuku walichinjwa. Firigisi moja ikawekwa tena kwenye sahani ya mdogo wangu. Akaichukua kwa vidole viwili, akainuka, akaenda kuiweka kwenye sahani ya baba.

"Kula, baba. Nakwenda." Akamgeukia mjomba. "Na wewe siku nyingine ulete kitambaa kirefu."

*

Sanda aliichukua mtani, kwa haki ileile ya jogoo. Uraka wa msimu ule ulichujwa kwayo, na wanywaji waliapa haujawahi kuwa mweupe vile. Bibi alipoambiwa aliomba dua ndefu, kisha akauliza kama kweli ulikuwa mtamu.

Mdogo wangu alirudi na alama pajani kama ya kuumwa na siafu. Anasema alilala, akaamka, akaomba chakula, wakamletea supu ya ng'ombe akanywa bila kuomba radhi kwa mtu. Usiku wa kwanza niliweka sikio mgongoni kwake kama zamani, akaniambia, "Dada, umekuwa mzito." Hakukuwa na ungo wala fagio. Kulikuwa na kitu kidogo kinachofunga, kinafunga, kinafunga.

Leo anakana kabisa yaliyotokea asubuhi ya kuondoka. Mimi nilikuwepo, na mashahidi ninao.

Alikuwa amevaa gauni aliloshonewa na baba, refu, la kufika kwenye vifundo. Baba alikuwa nje tayari na begi, gari linapiga honi. Sisi wengine tulikuwa tumejipanga sebuleni, macho mekundu, kila mtu ameshika kanga ya kusindikizia. Na mlangoni alikuwa amesimama mtani, mikono huku na huku, ameziba.

"Hapiti mtu."

"Mtani, gari linaondoka!" mama alisema.

"Liondoke. Mimi nataka kumsikia ng'ombe wangu kwanza. Nijue sauti yake, asije akarudi mwingine."

"Sifanyi," mdogo wangu alisema.

"Basi vua gauni ukachambue mchele."

Honi ililia tena. Mdogo wangu alitutazama, akainamisha kichwa, akatoa sauti ndogo sana. "Muu."

"Huyo ndama. Nataka ng'ombe."

Mdogo wangu alivuta pumzi yote aliyokuwa nayo, ambayo haikuwa nyingi, na akaitoa yote. "Muuuuu!" Huko nje baba aliangusha begi. Kuku waliruka. Kutoka mbali, upande wa machinjioni, ng'ombe wa kweli aliitikia.

Mtani aliinua mkono mmoja. Mdogo wangu akapita chini ya kwapa lake, anacheka, hajageuka nyuma. Tulipotaka kumfuata, mtani akatusukuma kwa kiuno.

"Rudini! Anayesindikizwa na kilio ni maiti. Huyu anakwenda na kurudi."

Akageuka, akauegemea ule mlango uliolegea, akaunyanyua kwa bega, na kuufunga.